Punje Moja Nyekundu

  Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya bahati nasibu. Hatukuja kumcheka mtu wala kumhukumu mtu. Twataka tufanye hesabu pamoja, maana jambo hili husemwa sana kwa midomo, lakini ni mara chache mtu kuketi nalo akiwa na kalamu na karatasi.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Kenya ilitunga sheria juu ya kamari na bahati nasibu mwaka 1966. Wazee wetu wanazikumbuka tiketi za Kenya Charity Sweepstake, zilizouzwa vibandani katika miji yetu miaka ya 1970 na 1980. Mtu alilipa, akaitia tiketi mfukoni, akangoja siku ya droo. Kisha M-Pesa ikaanza mwaka 2007. Pesa zikaingia ndani ya simu, na baada ya miaka michache kamari nayo ikazifuata humo humo. Siku hizi mtu hana haja ya kwenda kibandani. Aweza kucheza akiwa shambani, akiwa kitandani, au akiwa ndani ya matatu ya kutoka Kaptembwa kwenda mjini. Na pesa ya mbolea huondoka bila mtu yeyote nyumbani kuusikia mlango ukifunguliwa.

Basi tuhesabu. Chukueni bahati nasibu ya namna inayojulikana katika nchi nyingi: zipo namba 49, nawe wachagua 6. Uingereza walianza kucheza hivyo mwaka 1994. Mpira wa kwanza ukitoka, unazo namba 6 kati ya 49 za kukufaa. Ukiupata huo, kwa mpira wa pili umebaki na namba 5 kati ya 48. Kisha 4 kati ya 47, kisha 3 kati ya 46, kisha 2 kati ya 45, na mwisho namba 1 kati ya 44. Kila hatua mlango wazidi kuwa mwembamba. Ukizidisha yote pamoja utaona ya kwamba ziko njia 13,983,816 za kuchagua namba hizo 6. Tiketi yako ni njia moja tu.

Namba kubwa namna hiyo hupita masikioni bila kutugusa. Kwa hiyo tuipeleke ghalani. Tuseme punje 1,000 za mahindi zina uzito wa gramu 300 hivi. Gunia la kilo 90 basi litakuwa na punje kama 300,000. Ili upate punje milioni 14, wahitaji magunia 46 na zaidi. Sasa chukua punje moja, ipake rangi nyekundu, itie katika gunia lolote, uchanganye yote vizuri. Kisha mwite mtu, umfunge macho kwa kitambaa, umwambie atie mkono mara moja tu na kutoa punje moja tu. Hiyo ndiyo tiketi. Akinunua tiketi mbili, ni punje mbili nyekundu katika magunia yale yale 46.

Au tuseme mtu anunua tiketi moja kila juma bila kukosa hata juma moja. Kwa wastani angengoja zaidi ya miaka 268,000 ili ashinde mara moja. Ndugu zetu, katika hizo 268,000, sisi wanadamu twapewa kama 70 au 80.

Vijana watatuambia, "Hiyo ni ya namba. Sisi twacheza mpira, na mpira twaujua." Vema, tuhesabu na mpira pia. Mechi moja ina matokeo matatu: wenyeji washinde, wageni washinde, au watoke sare. Mechi mbili zina njia 9. Mechi tatu zina njia 27. Mechi 17 zina njia 129,140,163. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Wakenya wote walikuwa 47,564,296. Kwa hiyo hata kama kila Mkenya, pamoja na mtoto mchanga mgongoni, angepewa karatasi mbili zisizofanana, bado zingebaki njia zaidi ya milioni 34 ambazo hakuna aliyezishika. Tena tukubali kwamba wewe waujua mpira hata waweza kupatia nusu ya mechi zako zote. Hapo hesabu inapungua sana, lakini bado ni mara moja kati ya 131,072.

"Lakini mtu alishinda!" Ndiyo, ni kweli. Mwezi wa Mei 2017 kijana mmoja wa Kenya alibashiri sawasawa mechi 17, akapata zaidi ya shilingi milioni 221. Hatusemi ni uongo. Ila yafaa tutenganishe maneno mawili yanayofanana. "Kuna mtu atashinda" ni neno moja. "Mimi nitashinda" ni neno lingine kabisa. Watu wakicheza kwa mamilioni, juma baada ya juma, mwisho punje nyekundu itatoka mkononi mwa mtu fulani. Hilo halikuongezei wewe chochote.

Tena angalieni jinsi habari inavyotufikia. Mshindi hutangazwa. Picha yake huchapishwa, jina lake husomwa. Walioshindwa hakuna awasomaye. Lau sisi katika redio tungesoma majina ya wenye tiketi zote zile milioni 13 na zaidi zisizoshinda, jina moja kwa kila sekunde, usiku na mchana, bila kupumzika na bila kupiga hata wimbo mmoja, tungemaliza baada ya siku 162 hivi. Nadhani kila nyumba ingesikia jina la mtu wake. Lakini kwa sababu twalisikia jina moja tu, moyo huona kana kwamba kushinda ni jambo la karibu.

Liko neno lingine linalotudanganya, nalo ni "nusura". Mtu hupata namba 5 kati ya 6, arudi nyumbani akisema, "Nusura nishinde! Juma lijalo nitapata." Katika hesabu yetu ya namba 49, kwa kila tiketi moja yenye namba zote 6, ziko tiketi 258 zenye namba 5. Basi "nusura" ni jambo la kawaida kuliko kushinda mara 258. Tena nusura si hatua ya njiani. Ukitembea kutoka Nakuru kwenda Njoro ukafika katikati, umekwisha punguza safari. Lakini katika droo, juma lijalo mipira yote 49 hurudishwa chomboni, nawe waanza tena pale pale ulipoanzia.

Ndivyo ilivyo na yule asemaye, "Nimeshindwa mara kumi, sasa ni zamu yangu." Mpira hauna kumbukumbu. Haujui kwamba una deni la karo. Haujui kwamba mwaka jana viazi viliozea shambani Molo kwa kukosa lori. Mtu mwenye njaa na mtu mwenye shibe, mbele ya mpira ni sawa. Kwa mwanadamu twaweza kungoja fadhila. Kwa mpira hakuna wa kutuhurumia.

Na pesa zaenda wapi? Tutoe mfano wetu wenyewe, si hesabu ya kampuni yoyote. Watu 1,000 watoe shilingi 100 kila mmoja. Zimekuwa 100,000. Mwenye mchezo alipe kodi na matangazo, achukue na faida yake, jumla 40,000. Zimebaki 60,000 za zawadi. Kwa hiyo kila mtu aliyetoa 100 amenunua kitu cha thamani ya shilingi 60, na hata hizo 60 hataziona, kwa kuwa zimekusanywa kwa mtu mmoja au wachache. Wote wakicheza tena kesho, hupoteza tena. Mchezo hauumbi pesa. Huzitoa kwa wengi, hukata sehemu yake, na kumpa mmoja.

Wazee wetu wa Bonde la Ufa wanaijua kura ya namna nyingine. Miaka ya 1960 na 1970 watu wengi walichanga pesa katika makampuni na vyama vya ushirika, wakanunua mashamba makubwa yaliyokuwa ya walowezi. Shamba lilipokatwa vipande, wanachama waliokota karatasi zenye namba. Mmoja alipata karibu na mto, mwingine kwenye mawe. Lakini pale mambo yalipoendeshwa kwa haki, kila mwenye hisa aliondoka na kipande chake. Kura iliamua wapi, haikuamua kama. Ndivyo hata Maandiko yasimuliavyo jinsi makabila ya Israeli yalivyogawiwa nchi kwa kura: hakuna kabila lililolipa ili lingine lirithi peke yake.

Na akina mama wetu wanavyo vyama vyao vya mzunguko. Kumi wakitoa shilingi 500 kila juma, kila juma mmoja hubeba 5,000. Pengine kura huamua nani aanze. Baada ya majuma kumi, kila mmoja amekwisha pata. Chama hakikuziongeza pesa hizo, lakini kimezikusanya hata zikawa mbegu za viazi, au bati, au karo ya muhula. Hapo zamu ni zamu ya kweli.

Hatusemi kwamba anayecheza ni mpumbavu. Mara nyingi ni mtu aliyechoka, anayetafuta mlango mahali ambapo milango mingine imefungwa. Kutumaini si kosa. Lakini Bwana wetu alisimulia habari za mtu atakaye kujenga mnara, ambaye humpasa kwanza aketi ahesabu gharama, asije akachekwa kwa msingi usiokwisha. Kuhesabu si kukosa imani. Ni kuwatunza watu uliopewa.

Kwa hiyo twawaomba jambo moja juma hili. Chukua karatasi, uichore mstari katikati. Upande mmoja andika pesa ulizopeleka katika mchezo tangu Januari. Upande wa pili andika ulizopokea. Simu yako inayo kumbukumbu ya yote. Itakuambia bila kuficha. Kisha mwonyeshe mwenzako wa nyumbani hiyo karatasi. Na kama upande wa kwanza umekutisha, usizikimbize pesa zilizokwenda kwa kupeleka nyingine. Tena usikope. Mwendee mtu unayemwamini, mzee au rafiki au mchungaji, umwambie yote. Aibu ya siku moja ni nyepesi kuliko deni la miaka.

Mvua za kupandia huja kwa majira yake. Zikija, shamba litauliza mbegu iko wapi. Na iwepo nyumbani.