Kabla Hujalipa, Uliza: Mtoto Atatengeneza Nini?

(Mada iliyotolewa kwa wazazi na walezi katika mfululizo wa elimu kwa watumiaji)



Sokoni hivi sasa zimejaa bidhaa na huduma zinazotangazwa kwa jina la elimu ya teknolojia kwa watoto: tableti za kujifunzia, seti za kuunda roboti, programu za simu zinazolipiwa kila mwezi, na madarasa ya likizo ya kompyuta. Mzazi hulipa kwa kuhofia kwamba mwanawe ataachwa nyuma, na anayenunua kwa hofu ni rahisi kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ushauri wetu wa leo umejengwa juu ya swali moja, ambalo tunaomba mlitangulize mbele ya kila muuzaji: mtoto wangu atatengeneza nini kwa mikono yake?

Kuna tofauti kubwa kati ya mtoto anayetumia kifaa na mtoto anayekielewa. Anayebonyeza jibu sahihi na kupigiwa makofi na kompyuta amejifunza kubonyeza. Anayeunganisha waya, taa ikakataa kuwaka, akachunguza kosa liko wapi hadi ikawaka, amejifunza kufikiri. Mwaka 1967 mwanahisabati Seymour Papert na wenzake huko Marekani walibuni Logo, lugha ya kompyuta iliyowawezesha watoto kuchora maumbo kwa kuipa kompyuta amri. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtoto ndiye aiongoze kompyuta, si kompyuta imwongoze mtoto.

Wazo hilo si geni kwetu. Watoto wetu wameunda magari ya waya yenye matairi ya kandambili chakavu tangu zamani, wakipima, wakikunja na kurekebisha bila kufundishwa na mtu. Na huko kwa jirani zetu Malawi, mwaka 2002, kijana William Kamkwamba, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa ada, aliunda kinu cha upepo kwa vipuri vya baiskeli na vyuma chakavu, akaiwashia taa nyumba ya kwao. Hakuwa na seti ya bei kubwa. Alikuwa na kitabu cha maktaba, vitu vilivyotupwa, na muda wa kujaribu.

Mzazi anaweza basi kuanza nyumbani kwa gharama ndogo. Chukueni taa moja nyeupe kutoka kwenye tochi iliyoharibika, vipande viwili vya waya na betri mbili za kawaida za tochi, zile tunazoziita mawe, kila moja ya volti 1.5. Mtoto akitumia betri moja, taa haitawaka. Akizipanga mbili kwa kufuatana, itawaka. Akigeuza miguu ya taa, itazimika. Msimpe jibu mapema. Mwacheni aulize kwa nini.

Hata bila kifaa chochote, mwambieni mtoto aandike hatua za kupika chai, nanyi mzifuate neno kwa neno kama mashine. Akisahau kuandika "washa jiko", chai haitachemka. Atacheka, kisha atasahihisha maagizo yake. Kazi ya mwandishi wa programu za kompyuta huanzia hapo.

Mkiwa na kompyuta, ipo programu ya Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na maabara ya chuo cha MIT kwa ajili hasa ya watoto wa miaka 8 hadi 16. Mtoto hupanga vipande vya amri kama matofali, akatengeneza mchezo au hadithi yake. Haina malipo, inaweza kutumika bila intaneti ikishapakuliwa, na menyu yake inaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Kabla ya kulipia darasa, ulizeni kama linafundisha zaidi ya kile kinachopatikana bure.

Ikiwa mmeamua kununua, zingatieni haya.

Kwanza, ombeni kuona kazi za watoto waliotangulia. Kazi thelathini zinazofanana ni dalili ya kunakili. Pili, ulizeni kama seti inaweza kutengenezwa zaidi ya kitu kimoja, na kama vipuri vyake vinauzwa kimoja kimoja. Tatu, someni masharti ya malipo ya kila mwezi: yanakatwaje, na yanasitishwaje? Nne, programu ikidai jina kamili la mtoto, picha yake au mahali alipo, ulizeni ni kwa matumizi gani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mtoto zinastahili uangalifu wa pekee. Tano, daini risiti na itunzeni pamoja na tangazo lililowavutia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini lalamiko lisilo na ushahidi ni gumu kulisimamia.

Jambo la mwisho ni usalama, na hapa hatuna lugha laini. Betri ndogo bapa za umbo la kitufe, zinazopatikana katika vinyago, saa na rimoti, zinaweza kumuua mtoto. Ikimezwa na kukwama kooni, betri hiyo inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili tu, hata kama imekwisha nguvu ya kuendesha kifaa. Nunueni vifaa ambavyo mlango wa betri umefungwa kwa skrubu, na betri zilizotumika ziwekwe mbali na watoto. Mkihisi mtoto amemeza, msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, hata akionekana mzima.

Vilevile, majaribio ya mtoto yasiguse umeme wa ukutani kamwe. Televisheni mbovu asiifungue, kwa kuwa ndani yake umeme huweza kubaki hata baada ya kuchomolewa. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe wala kuchajiwa, maana inaweza kulipuka kwa moto.

Ndugu wazazi, hatuwakatazi kununua. Tunachotaka ni kwamba fedha mliyoitolea jasho imfikie mtoto ikiwa ujuzi, isiishie kuwa kifaa kilichofunikwa vumbi juu ya kabati. Muuzaji mwenye bidhaa njema hatachukizwa na swali letu. Atafurahi kuwaonyesha kile mtoto anachoweza kutengeneza. Anayebabaika, mwacheni na bidhaa yake.