Pima Mguu Kabla ya Kununua Baiskeli

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Sisi ni watu wa gangi ya njia, hatukuzoea kusimama mbele ya watu na kusema maneno mengi. Tumetumwa na wenzetu wa zamu ya alfajiri kuleta habari moja tu, nayo ni habari ya fremu ya baiskeli. Huenda mwingine anacheka moyoni, akisema, "Chama kina mambo ya mishahara na nyumba, na hawa wanatuletea mambo ya baiskeli." Twamwomba avumilie kidogo. Fedha zitakazonunua baiskeli hizi ni zetu. Tumezikata katika mishahara yetu kila mwezi, sasa ni mwaka mmoja na nusu. Na miguu itakayozikanyaga ni yetu vile vile.

Mnajua jinsi jambo lilivyo. Mfuko wetu wa baiskeli umefika kiasi cha kununua. Kamati imemwona muuzaji anayekubali kutupunguzia bei, lakini ameweka sharti: baiskeli zote ziwe za kipimo kimoja, fremu ya inchi 24, kwa maana hizo ndizo alizo nazo nyingi ghalani. Jumapili ijayo tutainua mikono kukubali au kukataa. Sisi twasema, kabla ya kuinua mikono, tupime miguu.

Tutawapa kisa kimoja. Yupo mwenzetu mmoja wa gangi, hatutamtaja jina kwa kuwa yumo humu ndani. Alinunua baiskeli ya inchi 24, mpya, inang'aa. Siku aliyoileta sisi sote tuliizunguka tukaisifu. Tulimwambia, "Hiyo ndiyo baiskeli ya mwanamume." Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama miguu yake inafika chini. Haikupita miezi miwili. Asubuhi moja, kabla hakujapambazuka, alifika penye njia panda ya reli na barabara, mzigo wa vyombo ukiwa kwenye keria. Gari lililokuwa mbele yake likasimama ghafula. Naye akafunga breki, akateremsha mguu. Mguu ukatafuta ardhi, usiione. Alikalia kile chuma cha juu kwa uzito wake wote, kisha akaanguka ubavu pamoja na mzigo, na kifundo cha mkono kikavunjika. Sisi ndio tuliomwinua. Alikaa miezi mitatu asiweze kushika nyundo, na ile baiskeli aliiuza kwa hasara. Kwa hiyo tunaposema leo, twasema kama watu wenye deni kwa ndugu huyo, kwa sababu tulimsifia kitu kilichomwumiza.

Sasa, sisi ni watu wa reli, na jambo la kipimo lisingetupasa kulisahau. Reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1,000. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi upana wake ni milimita 1,435. Je, yuko mtu anayechukua behewa la njia ile na kuliweka juu ya njia hii, akisema, "Litazoea tu"? Hayuko. Basi kwa nini tuuchukue mwili wa mtu wa futi tano na nusu, tuuweke juu ya fremu ya mtu wa futi sita, na kusema, "Atazoea tu"? Hata katika Maandiko twasoma habari za Sauli alipomvika Daudi mavazi yake ya vita. Yalikuwa mavazi ya mfalme, mazuri mno, lakini Daudi alishindwa kutembea nayo. Akayavua, akashika kombeo lake.

Kwanza, tufahamu fremu hupimwaje. Wengi huitazama namba iliyoandikwa kwenye tairi, wakaona 28, wakadhani ndiyo ukubwa wa baiskeli. Hiyo ni namba ya gurudumu. Fremu hupimwa kwa ule mwamba unaoshika kiti: toka katikati ya ekseli ya pedali, kupanda mpaka juu mwamba unapoishia. Baiskeli hizi nyeusi ambazo vijana huziita Black Mamba zinafuata umbo la Kiingereza la zamani, ingawa nyingi siku hizi hutoka India na China. Za fremu ya 22 na 24 huwa na gurudumu la inchi 28. Zile za fremu ya 20 nyingi huwa na gurudumu la inchi 26.

Tulichukua tepu ya chuma, tukazipima zilizoegeshwa penye banda letu. Toka ardhini mpaka juu ya kile chuma kinachopita kati ya miguu, ile ya 20 ilikuwa karibu inchi 30, ile ya 22 karibu inchi 32, na ile ya 24 karibu inchi 34. Baiskeli za viwanda mbalimbali hupishana kidogo, kwa hiyo msishike namba hizi kama sheria. Shikeni tepu.

Pili, mtu apimwe vipi? Urefu wa mwili wote hautoshi. Watu wawili waweza kulingana vichwa, mmoja akawa na miguu mirefu na mwingine kiwiliwili kirefu. Fanyeni hivi. Vua viatu, simama umeegemea ukuta, miguu ikiachana kidogo. Chukua kitabu kigumu, kiweke katikati ya mapaja, mgongo wa kitabu ukielekea juu, ukipandishe mpaka kikaze kama unavyokalia kiti cha baiskeli. Mwenzako aweke alama ya penseli ukutani usawa wa mgongo wa kitabu, kisha apime toka alama mpaka chini. Huo ndio mguu wako. Akina mama wapimane wenyewe kwa wenyewe.

Ongeza unene wa soli ya kiatu chako cha kazi, tuseme inchi moja. Halafu linganisha na kile chuma cha juu. Ukisimama, nyayo zote mbili zikiwa chini, chuma kiwe chini ya mwili wako kwa inchi moja au mbili. Twatoa mfano. Mtu ana mguu wa inchi 31, na soli inchi moja, jumla 32. Fremu ya 24 itampita kwa inchi mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya mwenzetu. Fremu ya 22 itamgusa, hana nafasi. Fremu ya 20 itamwachia inchi mbili, ndiyo yake. Mtu wa kufaa fremu ya 24 lazima awe na mguu wa inchi 34 au zaidi, nao ni watu warefu kweli. Katika gangi yetu tulipopimana, alikuwa mmoja tu.

Wako waliotuambia, "Mbona kiti hushuka? Nitakishusha." Ndugu, kiti hushuka, lakini kile chuma cha juu hakishuki. Hakuna spana ya kukishusha. Tena ukikishusha kiti mpaka mwisho, bado mwingine huona pedali ikifika chini mguu haufiki, naye huendesha akiyumbisha makalio kulia na kushoto kama bata. Akifika kazini kiuno kimekwisha kabla hajagusa chepeo. Sote twakumbuka tulipokuwa watoto, tukiendesha baiskeli ya baba kwa kupitisha mguu chini ya chuma, mwili umepinda upande mmoja. Ulikuwa mchezo wa mtoto. Si mwendo wa mtu mzima anayekwenda maili saba alfajiri na kurudi maili saba jioni.

Fremu ndogo nayo ina matatizo yake, lakini mengi hutengenezeka. Waweza kupandisha kiti. Angalieni tu kwamba chuma cha kiti kibaki ndani ya mwamba inchi mbili na nusu hivi, au kisipite alama iliyotiwa na kiwanda, la sivyo kitavunjika. Kwa hiyo ukijikuta kati ya vipimo viwili, chukua kile kidogo, hasa wewe unayebeba mtoto au gunia nyuma. Mzigo ukiyumba, kinachokuokoa ni mguu kufika chini upesi.

Tatu, ukiisha kuipata fremu yako, weka kiti sawa. Wataalamu wawili, Hamley na Thomas, waliandika mwaka 1967 ya kwamba mtu hutoa nguvu nyingi zaidi kiti kikiwa mbali na pedali ya chini kwa kadiri ya 109 kwa kila 100 za urefu wa mguu wake. Mwenye mguu wa inchi 31, toka pedali ikiwa chini kabisa mpaka juu ya kiti iwe karibu inchi 33 na robo tatu. Asiyependa hesabu ana njia nyepesi. Mwenzako aishike baiskeli, ukae juu ya kiti, uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini. Goti linyoke lote bila kiuno kuinama upande. Kisha unapoendesha kwa mbele ya wayo, kama ipasavyo, goti litabaki limepinda kidogo, na hivyo ndivyo linavyotaka kuwa.

Magoti yenyewe yatakwambia ukikosea. Kiti kikiwa chini mno, goti huuma mbele. Kikiwa juu mno, huuma nyuma, na kiuno hucheza. Wenzetu wangapi wanakunywa dawa za maumivu wakidhani ni baridi ya alfajiri au ni uzee? Mtu wa miaka thelathini na mitano hana uzee wa magoti. Na apime kiti kwanza.

Nne, mikono. Mafundi wa zamani hupima hivi: weka kiwiko kwenye ncha ya mbele ya kiti, unyoshe mkono kuelekea usukani. Vidole vikifika karibu na usukani, basi urefu wafaa. Vikiwa mbali sana, utaendesha umelala mbele, na viganja vitakufa ganzi. Hiki ni kipimo cha kukadiria tu. Uendeshe kidogo barabarani, viwiko vikiwa vimelegea, ndipo utajua.

Kwa akina mama wanaovaa nguo ndefu, na kwa mtu yeyote mwenye maumivu ya nyonga, ipo fremu isiyo na chuma cha juu, ambayo chuma chake kimeinama chini. Wanaume wengine huona haya kuipanda. Sisi hatuoni haya hiyo inatoka wapi. Haya ni kulala hospitali kwa ajili ya kutaka kuonekana.

Na kwa kuwa tumetaja njia panda ya reli, tuseme na hili ingawa ni la pembeni. Karibu na chuma cha reli pana ufa wa kupitisha gurudumu la gari moshi. Tairi la baiskeli la inchi moja na nusu laingia humo barabara. Usivuke kwa mshazari. Vuka ukikata reli moja kwa moja, na mataruma yakiwa na umande, shuka usukume.

Ndugu wanachama, sasa twaleta maombi yetu matatu mbele ya mkutano.

La kwanza, kabla ya Jumapili ijayo kila mwanachama aliyechangia apimwe mguu, na namba yake iandikwe mbele ya jina lake. Tepu tunayo, penseli tunayo, na ukuta wa banda upo. Twaweza kumaliza zamu zote kwa siku mbili.

La pili, Kamati impelekee muuzaji hesabu hiyo: fremu za 20 ngapi, za 22 ngapi, za 24 ngapi, na zisizo na chuma cha juu ngapi. Akikubali kutuuzia hivyo kwa bei ile ile, vizuri. Akikataa, tutafute mwingine, hata kama punguzo litakuwa dogo. Punguzo la kununua kitu kisichokufaa si punguzo. Ni kumsaidia mtu kumaliza ghala lake.

La tatu, siku ya kupokea, kila mtu asimame juu ya baiskeli yake mbele ya Kamati kabla ya kutia sahihi. Nyayo zote mbili chini. Asiyefika asitie sahihi.

Twajua wako watakaosema tunachelewesha jambo. Ni kweli litachelewa, labda wiki mbili. Lakini baiskeli ya namna hii ikitunzwa hukaa miaka mingi, na mwingine humrithisha mwanawe. Wiki mbili si kitu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na kila mtu akanyage pedali inayofika mguu wake.

Mwenzetu yule aliyevunjika mkono amesema yeye ndiye atakayeshika tepu. Mpeni miguu yenu.

Umoja ni nguvu.