Safari za Agosti: Kwaya Yetu Ilikojifunzia Kuimba
(Hotuba ya katibu wa kwaya)



Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, mama zetu na baba zetu, wageni wetu, na ninyi watoto mlioketi kwenye mikeka hapo mbele. Tumepewa muda mfupi kueleza kwaya hii ilikotoka. Tungeweza kusoma orodha ya viongozi tangu mwanzo, lakini hiyo imechapishwa mwishoni mwa kijitabu. Tumeona afadhali tuzungumze juu ya matembezi ya Sande skuli, kwa kuwa wengi wetu tulioimba asubuhi hii tulifundishwa sauti njiani, si humu ndani.

Walimu wetu walichagua Agosti kwa sababu rahisi. Aprili mto Nyamasaria hufurika, na njia za Kano huwa matope matupu. Desemba kila mtu ana safari ya kwao. Agosti shule zimefungwa na ardhi ni kavu.

Safari za kwanza zilikuwa za miguu, watoto wawili wawili wameshikana mikono, hadi Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980 kando ya barabara hii hii ya Nairobi. Watoto walikwenda kwa ajili ya mamba na nyoka. Walimu walikuwa na lao: walitaka tulione lile boma la Kijaluo lililojengwa pale, na nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, na nyumba za wake wenzake, kila moja mahali pake. Kwa watoto waliozaliwa katika vyumba vya kupanga, hilo lilikuwa somo kubwa.

Hifadhi ya Impala ilipoanzishwa mwaka 1992, tukaanza kupanda matatu. Ni hifadhi ndogo sana, ukiizunguka hujachoka, lakini iko ufukweni. Baada ya kuwatazama swala tulishuka Dunga, tukala mandazi na nyoyo huku tukiwatafuta viboko kwa macho. Mwaka mwingine tulikwenda Maseno, tukasimama mguu mmoja kaskazini mwa ikweta na mwingine kusini. Kuhusu Kit Mikayi kule Seme, wazee walivutana. Baadhi walisema watu huenda pale kuomba kwa namna zisizo zetu, hivyo watoto wasipelekwe. Mwishowe tulikwenda, tukapanda mawe, tukarudi Wakristo kama tulivyoondoka.

Ndani ya matatu ndiko kwaya ilikozaliwa. Tulijibana zaidi ya ishirini, wadogo wakiwa mapajani mwa wakubwa, mwalimu akipiga jerikeni tupu. Aliyekaa karibu na dereva alipewa soprano, wa nyuma kabisa besi. Msicheke: wako wazee wa besi hapa walioipata sauti yao kwa sababu ya kiti tu.

Februari 2004 sheria za Michuki zikaanza kutumika. Matatu ikawa ya abiria 14, kila mtu na mkanda wake. Ilikuwa sheria nzuri, iliokoa watu, na kwa kweli tulivyokuwa tukiwapakia watoto haikuwa sawa. Lakini safari iliyohitaji matatu mbili sasa ilihitaji nne, na nauli ikarudi kwa wazazi. Hapo ndipo tulipokosea, na tungependa kulisema wazi siku hii ya furaha. Hatukukaa chini kuuliza nani ataachwa. Asubuhi moja mvulana mmoja alikuja langoni na shati lililopigwa pasi na kikombe mkononi. Jina lake halikuwamo kwenye orodha ya waliolipa. Magari yaliondoka yakiimba, naye akabaki amesimama. Jumapili iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda nyumbani kwao kumtafuta.

Yaliyobaki tutayapitia haraka. Mwaka 2017 uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti, na hakuna mzazi wa Kisumu aliyetaka mtoto wake awe barabarani. Mwaka 2020 korona ikafunga kila kitu. Makanisa yalipofunguliwa Julai, ibada ilikuwa ya saa moja, watu wasizidi 100, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Kwa hiyo tuliimba bila bibi zetu wa alto, na hatukuwa na Sande skuli kabisa. Kisha kalenda ya shule ikabanwa ili kufidia muda uliopotea. Agosti 2021 watoto walikuwa darasani. Agosti 2022, uchaguzi tena.

Kalenda ilirudi kama zamani Januari 2023. Tangu hapo hatuna cha kusingizia, ila tu tulizoea kutokwenda. Juzi tuliwauliza watoto wa kwaya ndogo ni nani amewahi kugusa maji ya ziwa. Mikono iliyoinuka ilikuwa michache, na sisi tunaishi Kisumu!

Basi kamati imekubaliana hivi. Sehemu ya sadaka ya yubile itakodi magari ya Agosti, kwenda Hifadhi ya Impala na Dunga. Hatutatembea kwa miguu kama wale wa kwanza; malori ya barabara hii hayana huruma. Kila mwanakwaya atamlipia kiingilio mtoto mmoja asiye wake. Hakutakuwa na orodha ya waliolipa langoni, itakuwa ya majina tu, na walimu watapita nyumba kwa nyumba kuyaandika, wakianza na watoto walioacha kuja. Wazazi, wavisheni viatu vya kutembelea na wapeni sweta. Chakula tutapika hapa kanisani alfajiri. Vikombe tutaleta sisi.