Mzee wa Masagati na Ngiri Aliyoificha

Mazungumzo mbele ya usharika na wageni wa Dayosisi



Katika kitabu hiki cha kumbukumbu zimeandikwa habari nyingi za majengo, za wachungaji waliotangulia na za kengele zilizobebwa mabegani kupanda milima. Ni haki ziandikwe. Lakini usharika una historia nyingine iliyoandikwa katika miili ya watu wake, nayo ndiyo inayozungumzwa hapa. Inamhusu mzee mmoja wa kanisa wa Masagati ambaye ameomba jina lake lisitajwe. Ombi lake limeheshimiwa, ingawa wengi waliopo watamtambua kabla ya nusu ya habari.

Mzee huyo alikuwa na ngiri. Ilimwanza akiwa kijana, uvimbe mdogo kwenye kinena uliotoka alipobeba mzigo na kurudi alipolala. Hakumwambia mtu. Kwa wanaume wa bonde hili ugonjwa wa sehemu hiyo husemwa kwa mafumbo, na wengi huuita “mshipa” ili wasiutaje. Alijifunga kitambaa chini ya suruali, akaendelea kulima mpunga, kubeba magunia na kusimama mbele ya kwaya. Hata mkewe alidhani kitambaa kile ni cha maumivu ya kiuno. Miaka kumi na zaidi ikapita hivyo.

Inafaa kueleza hapa jambo ambalo laiti angelielezwa mapema. Ngiri ni tundu katika ukuta wa tumbo, na utumbo hupenya katika tundu hilo. Haitokani na laana, wala si matokeo ya uzinzi kama wengine wanavyonong'ona. Hakuna mzizi wala kamba inayoziba tundu hilo. Huzibwa kwa upasuaji tu, na njia ya kulishona kwa uhakika ilionyeshwa na daktari Edoardo Bassini huko Padova, Italia, katika miaka ya 1880. Utumbo ukitoka na kurudi, mtu huishi nao. Siku ukibanwa usiweze kurudi, damu hukatika, na utumbo huanza kufa kwa muda wa saa, si wa siku.

Siku hiyo ilimfikia katika masika moja ya miaka ya 1990. Ilikuwa Jumamosi alfajiri, alipokuwa akipandisha gunia la mpunga kwenye baiskeli ili alipeleke mashineni. Uvimbe ulitoka, ukawa mgumu kama jiwe, na haukurudi. Ilipofika saa tatu alikuwa akitapika. Hapo ndipo mkewe alipofungua kitambaa na kuona.

Wageni wanaofika Masagati leo kwa gari wakati wa kiangazi hawawezi kujua masika ilivyokuwa miaka ile. Maji ya nyanda za juu za Njombe hushuka yote huku kwetu, kwa Mnyera na Ruhudji na vijito visivyohesabika, na barabara ya kwenda Mlimba ikawa tope na mito mtawalia. Simu ya mkononi haikuwapo. Tabibu wa zahanati alimtazama mara moja tu, akaandika barua ya rufaa na kusema maneno ambayo mzee anayakumbuka mpaka leo: “Baba, hii haingoji kesho.”

Vijana wa usharika walikata miti miwili, wakafunga blanketi, wakatengeneza machela. Walipokezana kumbeba, wanne kwa wanne, hadi walipokuta lori la mbao lililokuwa limekwama. Wakalisukuma. Usiku walifika stesheni ya Mlimba, na kwa rehema ya Mungu treni ya TAZARA ilikuwa imechelewa. Reli ile iliyojengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia na kukamilika mwaka 1975 imebeba wagonjwa wengi wa bonde hili kuliko inavyofikiriwa. Wasafiri wa daraja la tatu walisimama ili mzee alazwe kwenye benchi. Kabla ya mapambazuko ya Jumapili wakawa Ifakara, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Hapa kuna jambo la kukiri kwa upole. Wazee wetu walikulia wakati ambapo Mlutheri na Mkatoliki wa bonde hili walitazamana kwa jicho la pembeni, kila mmoja na shule yake na zahanati yake. Mke wa mzee aliposhuka garini aliuliza kama hawangeweza kwenda Lugala, Malinyi, kwenye hospitali ya Kanisa letu. Lugala ni hospitali njema, lakini usiku ule ilikuwa ng'ambo ya mafuriko. Mtawa aliyewapokea mlangoni hakuuliza dhehebu. Aliuliza saa ambayo maumivu yalianza.

Kilichofuata mzee amekisimulia mara nyingi. Daktari alikuja, akamwamkia “Shikamoo mzee,” akachuchumaa kando ya kitanda hata macho yao yakawa sawa. Hakuzungumza na ndugu kana kwamba mgonjwa ni mzigo waliouleta. Alimweleza mwenyewe kwamba utumbo umebanwa, kwamba atapasuliwa sasa hivi, na kwamba sehemu iliyokufa, ikiwapo, itakatwa na ncha mbili kuunganishwa. Kisha akamwuliza kama amekubali. Mzee alikuwa amehukumu mashauri mengi katika baraza la wazee, lakini hakuwahi kuulizwa jambo zito kuliko hilo.

Iliyobaki ilikuwa aibu, na pengine ilimtesa kuliko maumivu. Muuguzi aliyekuja kumwandaa alikuwa binti wa umri wa mjukuu wake. Mzee aligeuza uso ukutani na kushika shuka kwa mikono miwili. Binti yule hakucheka wala hakumkemea. Alisema, “Babu, nisubiri kidogo,” akatoka, akarudi na muuguzi wa kiume, mtu mzima, kisha yeye akasimama nje ya pazia mpaka kazi ilipokwisha. Dakika tatu zilipotea. Katika habari hii yote, mzee huanza kulia anapofika kwenye pazia hilo, wala si kwenye kisu.

Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho. Alisikia vyuma vikigongana. Kisha ukimya. Utumbo ulikuwa umetoka ukiwa mweusi, na daktari aliufunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, wakangoja waone kama rangi itarudi. Mzee hakujua wanangoja nini. Binti yule yule alikuwa upande wa kichwa chake, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mzee na kumwambia, “Tunangoja damu irudi, Babu. Wewe omba.” Aliomba Baba Yetu, na mtawa aliyekuwa mezani akaitikia, maneno yale yale. Walipofika amina, daktari alifunua, akatazama na kusema, “Umekuwa mwekundu.” Hawakukata kitu. Walishona ule ukuta wa tumbo, wakafunga.

Siku za wodini zilipita kama zinavyopita siku za wodini: mpira uliopitishwa puani, dripu, uji uliongojwa hadi tumbo lilipoanza kunguruma, na mke wa mzee akipika jiko moja na mama wa Kipogoro kutoka Mahenge ambaye walikuja kuwa marafiki. Alifundishwa kubana kidonda kwa kiganja kila anapokohoa. Alikatazwa kubeba mizigo kwa miezi kadhaa, na mpunga wake wa mwaka ule ulivunwa na vijana wale wale wa machela.

Ifakara haikupata mikono hiyo kwa bahati. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara hapo, na mwaka 1961 kukaanzishwa kituo cha kufundisha waganga wa vijijini. Serikali nayo imetegemea kwa miongo mingi Madaktari Wasaidizi, ambao katika hospitali nyingi za wilaya ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji. Ni katika bonde hili pia vyandarua vya “Zuia Mbu” vilianza kuuzwa mwaka 1997, na mwaka 2001 watafiti wakachapisha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza kunusurika kwa watoto wadogo kwa asilimia 27. Sasa lipo jambo la kustaajabisha: mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uganda, ambapo wanaume wenye ngiri walishonewa kiraka cha wavu wa chandarua uliotakaswa, na baada ya mwaka mmoja hali zao hazikuwa na tofauti ya maana na za walioshonewa kiraka cha gharama kubwa. Mzee alipoelezwa habari hiyo alicheka sana, akauliza kama na mbu wa ndani nao watazuiwa.

Yeye mwenyewe aliporudi Masagati alifanya jambo ambalo halikutarajiwa kwa mtu wa haya kama yeye. Katika kikao cha akina baba alisimama na kusema, kwa jina lake na si kwa fumbo, kilichokuwa chini ya suruali yake miaka yote ile. Kikao kilinyamaza. Wiki hiyo wanaume wawili walimjia nyumbani baada ya giza kuingia.

Kiangazi kilichofuata aliwasindikiza wote wawili hadi Ifakara, kwa treni, mchana, wakitembea kwa miguu yao. Kwenye kibaraza cha wodi walikutana na yule binti. Alimtazama mzee na kikapu kilichokuwa mkononi mwake, akamwamkia, kisha akauliza, “Babu, si ulikatazwa kubeba?” Mzee alifunua kikapu amwonyeshe: kuku mmoja na kibaba cha mchele wa Masagati, vya kwake yeye.