Mahali Pasipo na Jiwe

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Lodwar na Kakuma

  Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbuzi wala mkopo wa kikundi. Tumekuja kuzungumza juu ya moyo wa mtoto.

Tuanze na msichana mmoja tuliyemfahamu, umri wake miaka 11. Akitumwa maji alipumzika mara tatu njiani. Nyumbani walisema ni mvivu. Usiku hakuweza kulala chali, alilala ameketi. Alipopimwa na mashine, daktari alisema milango ya moyo wake imeharibika. Mama yake akakumbuka: mwaka uliotangulia mtoto aliumwa koo, likapona. Baada ya wiki chache goti likavimba, likatulia, halafu kiwiko, halafu goti la pili. Alipelekwa zahanati, akaandikiwa malaria. Hakuna aliyeunganisha koo, goti na moyo.

Ugonjwa huo huitwa homa ya baridi yabisi. Vijidudu vya aina ya streptokoka huingia kooni. Askari wa mwili huinuka kupigana navyo. Lakini kwa watoto wengine, baada ya wiki 2 au 3, askari hao hukosea adui: hushambulia viungo vya mwili wenyewe, na mwisho moyo. Viungo hupona, ila moyo hubaki na kovu. Kila homa ikirudi, kovu huongezeka. Huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15, na zaidi pale watu wengi wanapolala chumba kimoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 50 duniani wana moyo ulioharibiwa hivyo. Mwaka 2018 mkutano wake mkuu ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zipambane na ugonjwa huu.

Sasa mtauliza: sisi wa vikundi tunahusikaje? Si kazi ya daktari? Hebu tuwasimulie tulichokiona.

Siku moja tulikaa na kikundi kimoja chini ya mti, tukachora ramani mchangani kama tulivyozoea: laga kwa majivu, barabara kwa kijiti, shule, kisima, zahanati. Tukasema, haya, kila anayemjua mtoto aliyevimba viungo au anayehema akitembea kidogo, aweke jiwe mahali anapoishi. Mawe yakaanguka. Karibu yote yakajikusanya kando ya zahanati na barabara kubwa. Upande wa malisho, hakuna hata jiwe moja. Mzee mmoja akafurahi, akasema, "Kumbe huko watoto wetu ni wazima."

Mama mmoja akamjibu, "Huko hakuna wa kuwapima."

Ndugu zangu, hilo ndilo neno tulilowaletea leo. Mahali pasipo na jiwe si lazima pawe na afya. Pengine ni mahali ambapo hakuna aliyeuliza. Ramani yetu ilikuwa imechora zahanati, haikuchora ugonjwa.

Hata madaktari wamelitambua jambo hili. Kanuni wanazotumia kutambua homa hii zilirekebishwa mwaka 2015. Zinasema mtoto akitoka mahali ambapo haijajulikana wazi kwamba ugonjwa ni haba, asihesabiwe kuwa salama. Dalili zake zipimwe kwa uangalifu zaidi, hata kama ni kiungo kimoja tu kilichovimba. Yaani shaka iwe upande wa mtoto.

Turkana hii inajua faida ya kwenda kuuliza. Wazee wanaukumbuka ugonjwa wa haidatidi, ule wa mafuko ya maji tumboni unaotokana na mbwa. Amref ilianza mpango wa kuupiga vita hapa mwaka 1983. Wataalamu walikwenda manyatta kwa manyatta na mashine ya altrasaundi, wakawapima watu hata wasiolalamika. Ikaonekana kwamba upande wa kaskazini-magharibi ndio ulioumia zaidi kuliko kusini. Hapo ikajulikana pa kuweka nguvu. Wangengojea wagonjwa waje wenyewe, wangejua habari za wale waliofika tu.

Mashine za jamaa hiyo huonyesha moyo pia. Jirani zetu wa kaskazini mwa Uganda, upande wa Gulu, walipima watoto zaidi ya 100,000. Wakapata 926 ambao moyo wao ulikuwa umeanza kuguswa bila wao kujua. Zaidi ya 800 kati yao waligawanywa makundi mawili yanayokaribia kulingana. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2, kundi lingine halikuchomwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: katika kundi la sindano, watoto ambao moyo ulizidi kuharibika walikuwa 3. Katika kundi lingine walikuwa 33. Angalieni tofauti hiyo! Lakini watoto hao wasingepata sindano kama watu wangengoja mpaka wahemeke.

Nako Japani kuna ugonjwa mwingine unaowasha moto mishipa ya moyo wa watoto wadogo. Umepewa jina la daktari Tomisaku Kawasaki, aliyeuandika mwaka 1967. Tangu mwaka 1970 Wajapani wanauhesabu nchi nzima. Kwa hiyo wanajua ulifumuka miaka ya 1979, 1982 na 1986. Wanajua wapi na lini, kwa sababu waliandika.

Basi na sisi tuandike. Hatuhitaji mashine kuanza. Tunapendekeza haya:

1. Kila kikundi kiwe na daftari moja. Andikeni umri wa mtoto, mahali anapolala, majira ugonjwa ulipoanza, dalili, na alikopelekwa. Asiyejua mwezi aseme kama ilikuwa akiporo au akamu, kabla au baada ya shule kufunguliwa.

2. Jina la mtoto lisisomwe mkutanoni. Tumieni nambari. Jina abaki nalo mhudumu wa afya ya jamii, ili asitokee wa kusema binti wa fulani ana moyo mbovu hataolewa.

3. Mtumeni mtu kwa wahamaji. Adakar inapokuja kwenye kisima au mnadani, ndiyo nafasi ya kuuliza.

4. Kakuma, wenyeji na wakimbizi wawekwe katika ramani moja, pamoja na Kalobeyei. Kijidudu hakiulizi kitambulisho.

5. Kila mwisho wa majira pelekeni hesabu kwa mhudumu wa afya na zahanati. Daftari likikaa sandukuni halijaokoa mtu.

Tahadhari nazo. Si kila koo ni streptokoka, wala si kila goti ni moyo. Sisi hatutoi hukumu, tunapeleka habari. Mtoto mwenye koo linalouma na homa apelekwe mapema; dawa ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze, homa ya baridi yabisi huweza kuzuiwa. Msinunue penisilini dukani na kuchomana nyumbani, kwa maana wako ambao dawa hiyo huwadhuru vibaya. Mtoto akianza kurusharusha mikono na uso bila kutaka, msikimbilie kusema ni mapepo, mpelekeni. Na aliyeanzishiwa sindano za kila mwezi asiachishwe kwa sababu anaonekana mzima. Huonekana mzima kwa sababu ya sindano.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na tena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wenyewe ni upasuaji wa moyo, kama ule unaofanywa Tenwek huko Bomet, mbali na hapa, kwa harambee ya ukoo mzima. Ufa ni koo la mtoto, na dawa yake iko zahanati.

Yule msichana sasa yuko kwenye sindano, na anangojea nafasi ya upasuaji. Mama yake ndiye aliyeshika daftari la kikundi chao. Mwezi wa kwanza alitembea siku mbili mpaka upande ule wa malisho usio na mawe. Alirudi na mawe manne.

Maswali ya kujadili kikundini

Katika eneo letu, ni wapi ambapo hatujawahi kuuliza habari za watoto? Nani atakwenda, na lini? Daftari litakaa kwa nani?