Kiyoo kinataka mwangaza



Kule Budapest, nyumba alimoishi Miksa Róth, fundi wa vioo vya rangi, leo ni makumbusho. Kiyoo cha rangi bila mwangaza nyuma yake ni giza tu.

Na siye hapa Murara, maonyesho yetu tuyapange vile. Chupa zilizopindwa na moto wa Nyiragongo, ile 17 Januari 2002, tuziweke ku dirisha. Lava iliyopoa haraka nayo ni kiyoo, lakini nyeusi: tuimulikie taa ya pembeni, ingʼae. Chini tuandike: ilitoka nyumba ya nani, avenue gani.

Mawe ya lava tunayavunja kila siku, tunajengea. Wazee nao wanatuacha. Mwenye iko na kipande, alete sasa, na aseme habari yake.