Tuhuma Dhidi ya Anayehukumu: Isizikwe, Isitembezwe

(Mhadhara uliotolewa kwa Waislamu wa Ifakara)

  



Mada tuliyopewa leo ni uadilifu wa mtu anayekabidhiwa kuhukumu. Katika bonde hili la Kilombero hakuna asiyeijua thamani ya hakimu. Tunalima mpunga, mpaka wa mtu na jirani yake ni tuta la jaruba, na masika yakishuka tope hufuta alama. Mkulima na mfugaji nao hugombea ardhi ile ile. Mwisho wa ugomvi wote huo ni mbele ya mtu anayesikiliza, anaandika, kisha anaamua. Akiwa mla rushwa, mwenye haki hurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo ni wajibu kuulizia habari za mtu kabla hajakalishwa katika kiti hicho. Swali ni hili: tuhuma ikija juu yake, tuifanyeje?

Suratul Hujuraat, aya ya sita, inatuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuitendea kazi. Namna ya kuhakiki tunajifunza kwa Khalifa Umar bin Al-Khattab (radhi za Allah zimshukie). Watu wa Kufa walimshitaki kwake amiri wao, Saad bin Abi Waqqas. Saad ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Umar angeweza kusema: huyu ni mtu mkubwa, nyamazeni. Hakusema hivyo. Alimwondoa katika uamiri, akamwita, akamsomea mashitaka na kumsikiliza yeye mwenyewe. Kisha akatuma wachunguzi Kufa pamoja na Saad, wakauliza habari zake msikiti kwa msikiti. Wote wakamsifu, mpaka walipofika msikiti wa Banu Abs. Hapo mtu mmoja, Usama bin Qatada, akasimama akasema mbele ya Saad kwamba hagawi kwa usawa wala hahukumu kwa uadilifu. Alisema kwa jina lake, mbele ya mtuhumiwa, na mtuhumiwa akajibu hapo hapo. Na Umar alipokuwa anakaribia kufa, mwaka 644, alimtaja Saad katika watu sita wa kushauriana juu ya ukhalifa, akabainisha kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana.

Tazameni, ndugu zangu. Tuhuma haikuzikwa. Mtuhumiwa hakufichwa neno aliloshitakiwa. Na mwisho wake ulitamkwa wazi, jina lake likarudishiwa heshima.

Sasa tuangalie jirani zetu wa Kenya. Kwa Katiba yao ya mwaka 2010, Rais huteua majaji kwa mapendekezo ya Tume ya Utumishi wa Mahakama. Majina ya waombaji hutangazwa, wananchi hualikwa kuleta walichonacho juu yao, na usaili hufanywa hadharani. Mwaka 2019 Tume ilipeleka majina 41. Rais Uhuru Kenyatta hakuwateua. Ikaelezwa kwamba zipo taarifa zinazotia shaka uadilifu wa baadhi yao. Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba Rais anafungwa na mapendekezo hayo. Juni 2020 Jaji Mkuu David Maraga alilalamika hadharani. Bado kimya.

Juni 2021 Rais aliteua 34 na kuwaacha sita. Wanne walipendekezwa kwenda Mahakama ya Rufaa: Aggrey Muchelule, Weldon Korir, George Odunga na Joel Ngugi. Wawili, Evans Makori na Judith Omange, walipendekezwa kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, yenye hadhi ya Mahakama Kuu. Odunga na Ngugi walikuwa miongoni mwa majaji watano waliobatilisha mpango wa Rais wa kubadili Katiba, tarehe 13 Mei 2021, wiki tatu tu kabla ya hapo. Watu wengi wakasema: hicho ni kisasi.

Wale wanne waliendelea kuhukumu katika Mahakama Kuu. Ikiwa uadilifu wao una dosari, vipi waachwe wahukumu watu? Na ikiwa hauna dosari, vipi wazuiwe? Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni mjumbe wa Tume ile ile. Njia ya kupeleka ushahidi ilikuwapo. Septemba 2022 Rais William Ruto alipoingia madarakani aliwateua wote sita, na jambo likaisha.

Je, liliisha kweli? Mimi simtuhumu yeyote kati yao, kwani hakuna kosa lililothibitishwa mbele ya watu. Lakini kuteuliwa si kusafishwa. Tuhuma ilitupwa bila ushahidi, kisha ikaondolewa bila jawabu. Aliyedhulumiwa hakusikia akitamkiwa kwamba hana kosa, na raia hakuambiwa alilofichwa kwa miaka mitatu lilikuwa nini.

Msidhani hayo ni ya marais peke yao. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa kijiji aliniuliza habari za mtu aliyependekezwa kuingia katika baraza la ardhi. Nikajibu, "Nasikia anapokea." Neno hilo moja, kwa kuwa limetoka kinywani mwa mwalimu wa madrasa, lilitosha, jina lake likakatwa. Baadaye nikajua kwamba chanzo cha uvumi ule ni mtu aliyeshindwa naye kesi ya mpaka. Nilikwenda kumtaka radhi. Akanitazama, akasema, "Ustaadhi, kwani uliniuliza?" Sikuwa na jawabu, na mpaka leo sina.

Ndugu zangu, mkiulizwa habari za mtu, semeni mlichokiona, na semeni mmekijuaje. Mwenye ushahidi juu ya hakimu asiishie kuutembeza kibarazani. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 imeweka Kamati za Maadili za wilaya na mkoa za kupokea malalamiko juu ya mahakimu. Apeleke huko, kwa jina lake, kama alivyosimama yule mtu wa Kufa. Asiyekuwa na ushahidi anyamaze. Na wenye mamlaka wakichunguza, watangaze walichokiona, kiwe cha kumtia mtu hatiani au cha kumsafisha.

Tunamuomba Allah atulinde na ulimi wa dhulma na kimya cha dhulma. Wabillahi tawfiq.